Ziwa Letu, Maji Yetu na Afya Zetu: Historia ya Maradhi na Tiba Katika Mwambao wa Rumonge



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na vijana, leo tunapenda kuwaletea historia ambayo wengi wetu tunaijua vipande vipande tu, kwa kusikia kwa wazee. Ni historia ya maradhi na matibabu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Magara na Gitaza, kuteremka Rumonge hadi Nyanza-Lac. Tumeona tuiandike kwa sababu watoto wetu wakiulizwa kwa nini kipindupindu hurudi pale pale kila baada ya miaka michache, jibu wanalopewa mara nyingi ni moja tu: watu wa ziwani ni wachafu. Jibu hilo si la haki, na historia yenyewe inalikataa.

Anayetoka Bujumbura kuelekea kusini hufuata barabara moja, nayo ni ile iitwayo RN3. Mkono wa kulia ni ziwa, mkono wa kushoto ni milima. Magara ipo njiani humo, kabla ya kufika Rumonge ambayo iko zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini. Watu wa huku wanaishi kwa vitu vitatu: samaki, yaani ndagala na mukeke, mawese ya michikichi, na biashara ya kuvuka ziwa kwenda Kongo na Kigoma. Vyote vitatu vinamtaka mtu akae karibu na maji. Tulikumbuke jambo hili, kwani ndilo litakalotufafanulia yote yanayofuata.

MALALE: WALIPOAMBIWA WATU WAHAME

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia katika maziwa yetu makuu. Uganda ndiyo iliyoumia zaidi. Kuanzia mwaka 1901 watu wengi mno walikufa katika visiwa na fukwe za Ziwa Viktoria, na hesabu zinazotajwa ni zaidi ya watu laki mbili. Ugonjwa ule ukaenea pia katika Ziwa Tanganyika, pande zote mbili, Kongo iliyokuwa mikononi mwa Mfalme wa Ubelgiji na pande za Wajerumani ambazo Burundi ilikuwa ndani yake.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Robert Koch, daktari mashuhuri kuliko wote kwa wakati ule. Huyu ndiye aliyekitambulisha kijidudu cha kipindupindu kwa wanasayansi wa dunia mwaka 1883 na 1884 alipofanya kazi Misri na India. Katika mwaka 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Sese huko Uganda, akiwajaribia wagonjwa dawa iitwayo atoxyl. Dawa ile ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya muda, na baadhi yao wakapofuka macho kabisa. Mwenzake aliyeendeleza kazi, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyeonyesha mwaka 1908 na 1909 kwamba kijidudu cha malale kinakua ndani ya mwili wa mbung'o kwa siku kadhaa kabla mbung'o hajaweza kumwambukiza mtu. Kwa hivyo mbung'o mmoja akishapata ugonjwa anabaki kuwa hatari kwa muda mrefu.

Baada ya Koch kuondoka, Wajerumani wakafungua kambi za wagonjwa wa malale katika mwambao wetu: Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, na Rumonge, na Niansa ambayo ndiyo Nyanza-Lac. Hizi zilikuwa miongoni mwa huduma za mwanzo kabisa za tiba ya Kizungu kwa mtu wa kawaida wa mwambao. Tuangalie zilivyokuwa. Watu walipangwa safu, daktari akapapasa shingo zao akitafuta tezi zilizovimba. Aliyekutwa nazo alichomwa sindano kutolewa maji ya tezi ili yapimwe. Akikutwa na ugonjwa aliwekwa kambini na kuchomwa sindano za dawa ile ya aseniki. Walio wazima nao walitakiwa kufyeka vichaka vya pembezoni mwa ziwa na mito, maana mbung'o wa aina ile hupenda kivuli karibu na maji. Wakazi wa baadhi ya sehemu za Imbo waliamriwa kuhama kabisa ufukweni na kupanda juu. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 waliendelea na siasa hiyo hiyo.

Je, wale madaktari walikosea? Kwa elimu ya ugonjwa hawakukosea. Mbung'o kweli alikuwa pale kwenye kichaka cha ufukweni, na kufyeka kulisaidia. Lakini kumwambia mvuvi ahame ziwani ni sawa na kumwambia mkulima ahame shambani. Watu wengi walijificha, wengine walitoroka kambini, wengine walivuka ng'ambo usiku. Siyo kwa sababu walikuwa wajinga. Walipima baina ya ugonjwa ambao huenda ukawapata na njaa ambayo ilikuwa na uhakika wa kuwapata, wakachagua. Tangu siku hizo mwananchi wa mwambao alijifunza kuwa daktari na askari huja pamoja, na kovu la fikra hiyo halikufutika upesi.

KIPINDUPINDU: ZIWA LENYEWE LIKAWA NA UGONJWA

Sasa tuje kwenye kipindupindu. Hiki si kigeni kabisa Afrika Mashariki. Karne ya 19 kilifika Zanzibar zaidi ya mara moja, na daktari Mskochi aitwaye James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, aliandika kitabu kizima mwaka 1876 akifuatilia njia za misafara ambazo ugonjwa ulipita. Lakini wimbi tulilonalo sisi hadi leo ni lile linaloitwa la saba, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, Tanzania mwaka 1974, na likafika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika mwaka 1978. Tangu mwaka huo halijatoka moja kwa moja. Hutulia, kisha likaibuka tena.

Mwaka 1992 Burundi ilipatwa na mlipuko, na Rumonge ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Safari hii watafiti walikuja na swali moja dogo: huu ugonjwa unaingia mwilini kwa njia gani? Waliwachukua waliougua na wengine wasiougua, wakawauliza walichokula, walichokunywa, na walikooga. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la madaktari la Lancet, nayo yanastahili kujulikana na kila nyumba ya mwambao.

Kwanza, hawakukuta chakula chochote kilichohusika. Si samaki, si kingine. Pili, kunywa maji ya ziwa kuliongeza hatari kwa karibu mara tatu. Tatu, hata kuoga ziwani peke yake kuliongeza hatari, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, kama mara moja na nusu hivi. Nne, walipohesabu wagonjwa mtaa kwa mtaa katika mji wa Rumonge, waliona kwamba mtaa unavyozidi kuwa karibu na ziwa ndivyo wagonjwa wanavyozidi kuwa wengi, na unavyozidi kuwa mbali ndivyo wanavyopungua. Tano, walipopima maji ya ziwa wakati wa mlipuko walikikuta kijidudu chenyewe ndani yake, na mlipuko ulipokwisha hawakukikuta tena.

Wasomaji waliosoma historia ya tiba watakumbuka kisa cha London mwaka 1854. Mtaa wa Broad Street ulipata kipindupindu kilichoua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow akaweka alama za waliokufa kwenye ramani, akaona wamekizunguka kisima kimoja cha pampu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukaondolewa, watu wakakosa kuteka maji pale. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kisa hiki kama mwanzo wa elimu ya afya ya umma.

Rumonge ya mwaka 1992 ni kisa hicho hicho. Ramani ni ile ile, na ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni moja nayo ni kubwa: London palikuwa na mpini wa kuondoa. Nani atauondoa mpini wa Ziwa Tanganyika, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, linalogawanywa na nchi nne? Ziwa halifungwi. Wajerumani walijaribu kuwaondoa watu kwenye ziwa, wakashindwa. Basi inabaki njia moja tu, nayo ni kumpa mtu maji mengine yaliyo mazuri, karibu na mlango wake, siku zote, ili asiwe na haja ya kuyanywa ya ziwani.

USHAHIDI WA NG'AMBO

Huenda mtu akasema: hayo ni maneno, bomba linasaidia kweli? Tuvuke ng'ambo tuwatazame ndugu zetu wa Uvira, Kongo, ambao ziwa lao ni hili hili letu. Watafiti walikusanya hesabu za kila siku za miaka ya 2009 hadi 2014: upande mmoja maji yaliyosukumwa na mabomba ya mji, upande wa pili wagonjwa waliolazwa kwa kushukiwa kipindupindu. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Bomba likikauka siku moja, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa waliongezeka zaidi ya maradufu. Na kwa hesabu zao, karibu robo ya waliolazwa walilazwa kwa sababu ya maji ya bomba kutotosha au kukatika.

Tulitafakari jambo hili. Watu wale wale, tabia zile zile, usafi ule ule. Siku maji ya bomba yalipokuwapo walikuwa salama zaidi, siku yalipokosekana walirudi ziwani na wakaugua. Kwa hivyo anayesema tatizo ni uchafu wa watu, na aeleze kwa nini uchafu huo unakuja na kuondoka pamoja na umeme wa kusukumia maji.

VITA, NA UKUTA WA FEDHA

Rumonge haikuacha kusumbuliwa na mengine. Mauaji ya mwaka 1972 yalianzia kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, na familia nyingi mno zilivuka mpaka kwenda Kigoma, zikaishi ukimbizini miaka mingi. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vilifukuza watu tena. Katika hali kama hiyo vituo vya afya hukosa dawa, na wauguzi hukimbia kama wengine. Wakimbizi wa Rwanda walipojazana Goma mwezi wa Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja. Lile lilikuwa onyo kwa ukanda wetu wote juu ya mambo mawili yanapokutana: watu waliong'olewa makwao na maji machafu.

Kisha ukaja ukuta wa aina nyingine. Mwaka 2002 Burundi iliweka utaratibu wa mgonjwa kulipa gharama za matibabu yake. Nchi ilikuwa vitani, watu hawana kitu. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch pamoja na chama cha Burundi cha APRODH walitoa ripoti iliyoshtua dunia: wagonjwa maskini waliopona walizuiliwa hospitalini kwa wiki na hata miezi kwa kushindwa kulipa bili. Miongoni mwao walikuwemo wazazi waliojifungua kwa upasuaji, wamelala na vichanga vyao hali wamekwisha ruhusiwa na daktari. Kwa mara nyingine tena mwananchi alifundishwa kuiogopa nyumba ya tiba, kama babu yake alivyoiogopa kambi ya malale.

Tarehe 1 Mei 2006 serikali ikatangaza matibabu bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, vituo vikafurika, dawa zikaisha, wauguzi wakachoka. Mwaka 2010 ukaongezwa nchi nzima utaratibu wa kuvilipa vituo kulingana na kazi vilizofanya. Matunda yake yanaonekana katika sensa za afya. Mwaka 2010 akina mama 6 kati ya 10 walijifungulia kwenye kituo cha afya. Sensa ya 2016 na 2017 ilikuta wamezidi 8 kati ya 10. Watoto waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 152 katika kila 1,000 kwa sensa ya mwaka 1987, wakawa 96 kwa ile ya 2010, na 78 kwa ile ya 2016 na 2017. Namba 78 bado ni kubwa, inauma. Lakini tofauti kati yake na 152 ni watoto wanaokwenda shule leo.

Basi tuone somo lililomo. Mama wa mwambao ambaye juzi aliambiwa ana mila za kukataa hospitali, alipofunguliwa mlango tu aliingia.

BARABARA NA MAWIMBI

Mlango ukiwa wazi, bado kuna njia ya kuufikia. Tumesema barabara ni moja, ziwa huku na mlima huku. Mwaka 2015 mvua kubwa zilileta maporomoko Gitaza, komini ya Muhuta, yakazoa nyumba na watu, na barabara ikakatika. Barabara hii ikikatika, mama mjamzito anayetakiwa kupelekwa hospitali kubwa anabaki alipo au anapakiwa mtumbwini. Mwaka huo huo Rumonge ilifanywa mkoa, na ingawa mgawanyo wa mikoa umebadilika tena mwaka 2025 na mikoa kubaki mitano, maporomoko hayasomi ramani za utawala.

Na ziwa nalo limepanda. Mwaka 2021 na tena 2024 maji yalivamia nyumba, maduka na vyoo katika fukwe za Burundi, Rumonge ikiwemo. Choo kikifunikwa na ziwa, kila kilichomo kinakuwa ndani ya ziwa. Kipindupindu kilirudi Rumonge mwishoni mwa mwaka 2018, na Januari 2023 kikatangazwa tena Burundi, kikianzia pande za Bujumbura.

Kwa hivyo swali la mwaka 1908 limerudi: watu wahame au wakae? Safari hii wapo ambao watalazimika kuhama kweli, kwa kuwa nyumba zao zimo majini. Lakini historia inatuambia sharti lake. Ukimhamisha mvuvi ukampa kiwanja mlimani bila bomba, bila kituo cha afya na bila njia ya kurudi kazini kwake, atateremka tena, na atakunywa maji aliyoyakuta.

SISI NA FAMILIA ZETU TUFANYE NINI?

Bomba na barabara ni kazi ya serikali, na ni haki yetu kuzidai kila mahali tunapopewa nafasi ya kusema. Lakini mtoto akianza kuharisha usiku hatungojei bomba. Tunapenda kuwakumbusha haya:

1. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na kinaweza kuua ndani ya saa chache. Dawa yake ya kwanza ni kurudisha maji na chumvi. Katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa watu wa kawaida ndoo za maji yenye chumvi na sukari wawanyweshe jamaa zao, na vifo vikashuka kutoka kiasi cha watu 30 katika 100 hadi kiasi cha 3 au 4.

2. Pakiti za chumvichumvi za kituo cha afya ndizo bora. Zikikosekana: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe juu visijae kilima. Mnyonyeshwaji aendelee kunyonya. Hii ni ya kumvusha njiani tu. Mgonjwa apelekwe kituoni haraka.

3. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kikombe chenye mkono au kumiminwa.

4. Tunapotawadha tunasukutua na kupandisha maji puani. Wakati wa mlipuko, maji ya kutawadhia na ya misikitini nayo yawe yale yale safi ya kunywa, siyo ya ziwani. Watoto wasiogelee.

5. Mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula, na anayemhudumia mgonjwa zaidi ya wote.

Ndugu wasomaji, wazee wetu waliambiwa wahame, wakaambiwa walipe, wakaambiwa ni wachafu. Mara chache sana waliulizwa wanahitaji nini. Kila walipopewa walichokihitaji hasa, iwe mlango wa hospitali usio na bili au bomba lenye maji, walikitumia na watoto wao wakapona. Tuwasimulie vijana wetu historia hii, ili kesho akiwepo kati yao muuguzi, mhandisi wa maji au diwani, ajue pa kuanzia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalinde watoto wetu. Aamiin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.